Upande Usiochezwa

Jumanne, 2 Aprili 2019

Mvua tangu alfajiri, ile ya Toledo isiyo na haraka, inayonyesha kama kibarua anayelipwa kwa saa.

Barua ya kamati ya ukumbusho wa mtaa wetu imefika leo. Tarehe 22 Juni watasimika bamba la shaba pale ulipokuwa mtaa wetu kabla haujabomolewa kupisha barabara ya njia nne. Juu ya bamba yatakuwapo majina ya watu wote wa mtaa waliopata kutoa santuri. Ni majina ishirini na matatu. Nimeyasoma mara mbili, kwanza kama jirani, kisha kama mkutubi. Jina la Verlene Oglesby halimo.

Najua kwa nini halimo. Mwezi Februari kamati iliniuliza, maana hakuna mwingine katika mji huu mwenye santuri nyingi za stesheni za redio kuliko mimi, nami nikajibu kwa sentensi moja: "Nimepekua kadi zangu zote na sikuona ushahidi wowote kwamba Bi Oglesby aliwahi kutoa santuri." Wameinukuu chini ya barua na kuliweka jina langu mbele yake: Odessa Purifoy, mkutubi mstaafu. Nilipoiandika niliiona sentensi nzuri. Leo sikuipenda.

Majina yatapelekwa kwa wamiminaji shaba Ijumaa ya tarehe 10 Mei. Baada ya hapo ni shaba. Shaba haina kifutio.

Jumamosi, 6 Aprili

Nyumba ya marehemu mtangazaji mmoja, upande wa magharibi wa mji. Watoto wake wanauza kila kitu, hadi mapazia. Santuri zilikuwa kwenye makasha ya maziwa gereji. Nimepata kumi na nne.

Nazipenda kwa sababu hazikukusudiwa kwetu. Kampuni zilizipeleka stesheni bure ili nyimbo zichezwe, zikiwa na lebo nyeupe badala ya ile ya rangi iliyouzwa madukani, na zimepigwa mhuri wa Si ya Kuuzwa. Watangazaji wakaziandika juu kama watu wanavyoandika pembeni mwa Biblia. Ya leo moja imeandikwa kwa kalamu nyekundu: "Usicheze kabla ya saa nne. Mama mkwe anasikiliza." Nyingine mkuu wa stesheni aliukwaruza wimbo mzima kwa msumari ili asitokee mjeuri wa kuucheza. Miaka arobaini nimekuwa nikikusanya hasira na mapenzi ya watu nisiowajua.

Wendell Stubblefield alinitangulia, kama kawaida yake, na glavu zake nyeupe za pamba. Ndiye mwenyekiti wa kamati. Alifanya kazi miaka thelathini na moja katika kiwanda cha magari, na nadhani bado anaikagua dunia ikimpitia kwenye mkanda wa kiwandani.

"Bi Odessa, umechelewa. Nzuri zote nishazichukua."

"Nilikuwa nakupa nafasi, Ndugu Wendell. Mtu mwenye macho kama yako anahitaji saa moja ya ziada."

"Macho yangu yanasoma lebo vizuri tu."

"Basi niambie kuhusu Verlene."

Akaishika santuri kwa kingo, akaiinamisha kwenye mwanga. "Alete santuri. Hakuna santuri, hakuna jina. Na wewe mwenyewe umeandika kwamba hakuna."

Jumapili, 7 Aprili

Baada ya ibada, ukumbini, kwenye kahawa. Verlene ana miaka sabini na tisa na bado anaimba sauti ya chini katika kwaya, safu ya nyuma yangu. Alinijia na kikombe mkononi.

"Shoga, umeandika vizuri. 'Ushahidi wowote.' Hata wa kubabaisha hukuniachia."

"Niliandika ninachokijua, Verlene."

"Uliandika kilichomo kwenye kadi. Umeishi na kadi mpaka unadhani ndiyo kujua."

Akaanza tena hadithi yake, na watu wawili wakaondoka mezani kwa adabu. Mwaka 1970 alikwenda Detroit asubuhi mbili mfululizo, akarekodi wimbo wake "Jumanne Nitapona" kwa kampuni ndogo iliyoitwa Larkdale. Kampuni ikafa kabla wimbo haujatoka. Lakini siku moja mwaka ule ule, akipiga pasi, alijisikia redioni. Sauti yake mwenyewe. Mtangazaji akaukata baada ya ubeti wa kwanza, akasema aliyeimba ni Dempsey Rudd, mwanamume, nyota wa kampuni.

"Dempsey Rudd," alisema Verlene, "alikuwa na sauti ya ng'ombe aliyekwama matopeni. Tangu lini akawa na yangu?"

Hapo ndipo kila mtu hucheka. Kwa vinyozi wa mji huu, mtu akitia chumvi huambiwa, "Na wewe ulisikika redioni, eti?" Nami nimecheka miaka hii yote. Si mbele yake.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimepitia tena kadi zote za Larkdale. Ninazo santuri saba za kampuni hiyo, sita za Dempsey Rudd na moja ya kundi la Injili. Kadi zangu ni safi: jina, wimbo, stesheni ilikotoka, mwaka niliponunua, hali ya lebo. Kama Verlene angekuwamo, angekuwamo. Nilizirudisha kwenye droo nikiwa na uhakika wangu, kisha nikazitoa nikazisoma tena.

Jumapili, 14 Aprili

Verlene amehamia upande mwingine wa kwaya. Nimeimba tenzi tatu bila sauti yake mgongoni. Sikujua kwamba nilikuwa nikiiegemea.

Ijumaa, 19 Aprili

Ijumaa Kuu. Samaki wa kukaanga kanisani, kabichi, mkate wa mahindi. Nje mvua, ndani mvuke. Wendell alikaa mbele yangu bila kualikwa.

"Unaniona mimi katili," alisema.

"Nakuona kufuli isiyo na ufunguo."

Alichambua samaki wake mpaka akabaki mifupa mitupu, mmoja mmoja pembeni mwa sahani. "Unajua jina la kwanza nililolikata ni la nani? Alton Stubblefield. Kaka yangu. Alipiga saksafoni katika mtaa ule miaka kumi na miwili, nyuma ya kila mwenye jina kwenye bamba lile. Hakuna lebo hata moja inayomtaja. Mke wake alilia mezani kwangu. Sasa nimwingize Verlene kwa maneno yake tu, halafu nimwambie nini Alton, kule makaburini?"

Nilimpitishia siki.

Tumejuana miaka ishirini na sita na sikuwahi kumuuliza kama alikuwa na ndugu.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua. Ardhi ya bustani inameza mguu hadi kifundoni. Nilikuwa na miaka tisa tulipoondoka Alabama, na bado mwili wangu unataraji mvua iwe na ngurumo, ije, iseme neno lake, iondoke. Hii ya huku haina neno. Inakaa tu.

Jumatano, 1 Mei

Maji yameingia ndani.

Pampu ya chumba cha chini ilikata roho, sijui saa ngapi. Niliposhuka asubuhi kuchukua viazi, ngazi ya mwisho haikuwapo. Palikuwa na maji ya rangi ya chai, na juu yake vilielea vitu vyeupe vya duara, vingi, vikizunguka polepole. Nilidhani ni maua ya mti wa jirani. Zilikuwa lebo.

Rafu ya chini ina santuri mia mbili na kumi na mbili. Nilisahau viatu, nikaingia na soksi, maji yakanifika chini kidogo ya magoti, baridi ya kukata. Nilipoitoa ya kwanza kwenye bahasha yake, bahasha ilibaki mkononi kama uji, na lebo ikateleza kama ngozi ya nyanya iliyochemshwa. Santuri yenyewe haiogopi maji. Karatasi ndiyo inayokufa. Yule wa mama mkwe amekufa. Na yule aliyeandika "Nakupenda, Geneva, hii ni yako saa tatu na dakika tano." Watu hawa walikuwa wameshakufa mara moja. Leo wamekufa kwa uzembe wangu, kwa sababu fundi wa pampu aliniambia tangu Novemba.

Nilikaa kwenye ngazi na miguu ndani ya maji, nikaona kwamba sina wa kumpigia. Mtu niliyekuwa nikimpigia siku kama hii ni Verlene. Nikampigia Wendell.

Alifika na buti za kiwandani, pampu ya kuazima na vikaushio vinne vya vyombo ambavyo, nadhani, vilimwacha mke wake na vyombo vilivyolowa. Alisimama kwenye ngazi akatazama zile lebo zikizunguka. Nilijiandaa kusikia jambo kuhusu rafu za juu na watu wenye akili.

"Pole, dada," alisema. Halafu akavua glavu zake nyeupe, akazitia mfukoni, akaingia majini.

Alhamisi, 2 Mei

Tumeosha siku nzima jikoni. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo tone moja, kitambaa laini, mviringo na si mkato. Yeye anaosha, mimi nasuuza. Santuri zinakauka kwenye vikaushio kama sahani nyeusi za karamu ya matanga. Zote zinafanana. Mia mbili na kumi na mbili, na hakuna hata moja yenye jina.

"Utazijuaje?" aliuliza.

"Kwa namba."

Karibu na katikati, pale mistari ya sauti inapokoma, kiwanda hukwaruza namba ndogo kwenye plastiki yenyewe. Maji hayawezi kuifuta. Kila upande una namba yake. Wimbo mmoja ukiwa pande zote mbili, namba hufanana. Nina vitabu vya namba za kila kampuni. Nitazisoma moja moja kwa taa ya mezani na kioo cha kukuzia, na kulinganisha na kadi zangu. Kwa miaka arobaini sikuwahi kufanya hivyo. Sikuwa na haja. Nilikuwa na lebo.

Ijumaa, 3 Mei

Naandika pole pole ili nisiruke kitu.

Saa tano asubuhi. Wendell alikuwa akifuta maji sakafuni, mimi mezani na kioo. Santuri ya mia moja na kumi na nane. Upande wa kwanza: LK 207. Larkdale. Nikatafuta kadi. Hii hapa, mwandiko wangu wa mwaka 1994, imenunuliwa kutoka stesheni moja ya Dayton: "Dempsey Rudd, 'Taa ya Barazani.' Pande zote mbili sawa."

Santuri za namna hii zilikuwa nyingi miaka ile. Kampuni iliweka wimbo ule ule pande zote, upande mmoja kwa ajili ya redio za spika moja, wa pili kwa zile za spika mbili. Nikaigeuza ili kuthibitisha namba, basi, ili nimalize.

LK 211.

Nikafuta kioo kwa aproni. LK 211. Nikamwita Wendell, akaja na kifagio chake cha maji, akainama, akasoma kwa sauti.

"Huo si wimbo ule ule," alisema.

"Hapana."

"Uliwahi kuucheza upande huu?"

"Kwani wewe huwa unaucheza upande wa pili wa hizi?"

"Nani anaucheza?" alisema. "Lebo imeandikwa wimbo ni ule ule."

Tulitazamana. Nadhani tulifika mahali pamoja kwa wakati mmoja, maana alikwenda kunawa mikono bila kuambiwa, nami nikaifuta sindano ya gramafoni.

Ngoma kwanza, kavu, kama mtu anayebisha mlango anaoujua. Halafu gitaa. Halafu mwanamke.

*Jumapili nililia,
Jumatatu nikafua,
Jumanne, ee Jumanne,
Jumanne nitapona.*

Wendell alikaa kwenye kiti cha jikoni akiwa bado na kitambaa mkononi, na maji yakamchuruzika kwenye suruali asiyajali. Mimi sikuhitaji kadi. Sauti ile imekaa nyuma ya shingo yangu kila Jumapili kwa miaka arobaini. Ilikuwa changa zaidi, na haikuwa na subira, lakini ni yeye.

Mtu kiwandani alichukua bati la kuchapia lisilo lenyewe, lile la wimbo wa Verlene, akapiga nalo chapa upande wa pili. Lebo za Dempsey zikabandikwa pande zote. Stesheni zikapokea, zikacheza upande wa kwanza, kwa sababu hakuna sababu ya kugeuza. Isipokuwa mtangazaji mmoja, asubuhi moja, aliyeiweka kinyume kwa bahati, akasoma lebo na kusema aliyeimba ni Dempsey Rudd. Verlene alisema kweli neno kwa neno, na kweli yenyewe ndiyo iliyomfanya aonekane mwongo. Yule mtangazaji aliiamini lebo. Mimi nikaiamini lebo, nikaweka na saini.

Ilipokwisha Wendell alisema, "Sasa kuna tatizo."

"Liseme."

"Haina jina lake. Na lebo iliyokuwapo ilikuwa na jina la mwanamume. Hortense Gadsden wa kwenye kamati atasimama aseme Bi Odessa anamtetea rafiki yake kwa sauti ya mwanamke yeyote. Na nisingekuwa nimekaa hapa, ningesema vivyo hivyo."

Akasema kweli. Tulifikiri hadi supu ikapoa. Hatimaye tuliafikiana hivi: Wendell ataichukua santuri kwake, ndani ya bahasha tuliyoitia saini sote wawili kwenye mdomo wake. Verlene hataisikia. Alhamisi, mbele ya kamati, ataeleza kwanza kila anachokikumbuka, na yataandikwa. Ndipo itachezwa.

Ni mpango mzuri. Ubaya wake ni kwamba mimi ndiye nitakayemwambia.

Jumamosi, 4 Mei

Verlene hutengeneza nywele Jumamosi. Nilimkuta saluni chini ya draya, gazeti magotini, kichwa kimejaa rola. Wanawake sita, wote wananijua, wote walijua kwamba hatusemezani.

Nilivuta kigoda, nikainua ile draya kwa mkono wangu mwenyewe.

"Imepatikana," nilimwambia.

Alikunja gazeti. "Wapi?"

"Kwangu. Rafu ya chini."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka tisini na nne."

Mwenye saluni akazima draya zote, moja baada ya nyingine.

"Miaka ishirini na mitano," alisema Verlene. "Nimekula keki ngapi ndani ya nyumba ile, Odessa?"

"Nyingi."

"Na wimbo wangu umelala chini ya miguu yangu." Hakuinua sauti. Laiti angeinua. "Niambie sasa. Niambie ulivyoandika kwenye hicho kikadi chako."

Nikamwambia. Pande zote mbili sawa. Nikasema pia, kwa sauti ambayo wote sita waliisikia, kwamba nilikosea, kwamba niliwahi kumcheka, na kwamba naomba anisamehe akiweza na akitaka. Halafu nikamwambia lile gumu zaidi: asiusikie mpaka Alhamisi. Nilimweleza sababu. Nilitaraji anipige na gazeti.

Alifunga macho. "Shoga, nimengoja miaka arobaini na tisa. Siku tano zitanifanya nini?" Akaishusha ile draya mwenyewe, kisha akaiinua tena. "Lakini nikifa Jumatano, wewe ndiye utakayeimba kwenye mazishi yangu, ili watu wateseke."

Jumatatu, 6 Mei

Simu saa mbili asubuhi.

"Mnaicheza?"

"Iko kwa Wendell, imefungwa."

"Wendell anaicheza."

"Tumetia saini, Verlene."

"Mwanamume gani amewahi kuogopa gundi?" Akakata.

Jumanne, 7 Mei

Mvua. Verlene amepiga simu mara tatu.

Alhamisi, 9 Mei

Chumba cha mikutano cha maktaba, wajumbe watano mezani, dirisha lenye mvua. Verlene alivaa suti yake ya rangi ya peasi na kofia, kama mtu anayekwenda kubatizwa au kushtaki. Wendell aliweka bahasha katikati ya meza. Bi Hortense Gadsden, aliyekuwa karani wa mahakama, aliziangalia saini kwa karibu akaitikia kwa kichwa kuwa ni sawa, kwa masikitiko kidogo.

"Bi Oglesby," alisema, "tueleze. Si kwamba uliimba. Kila mtu ameimba. Tueleze kilichomo."

Verlene alieleza. Alitaja maneno ya beti tatu, Hortense akiyaandika kwa kasi yake ya mahakamani. Alitaja mahali anapovuta pumzi. Halafu mdomo wake ukapinda kidogo.

"Kuna kosa," alisema. "Ubeti wa pili, baada ya 'nikaanika mashuka.' Mpiga ngoma alikuwa Lonnie Tarpley, alikuwa ametoka zamu ya usiku, hajalala. Fimbo ilimdondoka. Utasikia inagonga sakafu. Mimi nikacheka, kidogo tu, puani, nikaendelea. Niliomba turudie. Wakasema hakuna muda."

"Fimbo," Hortense aliandika. "Kicheko. Kuna jingine?"

"Hakuna. Ngoma, gitaa, piano, mimi. Basi."

Mimi nilikuwa nimeusikia wimbo ule, na nilijua kuna jingine. Nilimtazama Wendell. Naye alikuwa akinitazama.

Akaifungua bahasha, akaweka sindano.

Verlene hakutikisika. Aliutazama ule mzunguko mweusi kama mtu anayemtazama mtoto akivuka barabara. Ubeti wa kwanza. Hortense alifuatisha maneno kwa kalamu, mstari kwa mstari, na kalamu haikusimama. Ubeti wa pili. *Nikaanika mashuka.* Ikasikika, wazi, mti ukigonga mbao mara mbili, na juu yake pumzi fupi ya mwanamke anayejizuia kucheka. Mjumbe mmoja, mchungaji mstaafu, akajikuta naye amecheka puani vivyo hivyo.

Kisha, kabla ya ubeti wa tatu, likaingia tarumbeta. Refu, tamu, la majivuno.

Hortense aliinua kalamu. "Bi Oglesby. Ulisema hakukuwa na jingine."

Verlene alikuwa amesimama. "Nani ameweka tarumbeta?"

"Nakuuliza wewe."

"Nami nawauliza nyinyi. Nani ameweka tarumbeta kwenye wimbo wangu? Sikilizeni hapo, linanipanda mgongoni, linaniziba kabisa kwenye 'ee Jumanne.' Nilikaa asubuhi mbili kuipata ile 'ee.' Nani kamruhusu? Alikuja lini? Nimeshaondoka, amekuja kunipigia honi?"

Hakuwa akitujibu tena. Alikuwa na miaka thelathini, yuko Detroit, anataka kumwona meneja. Wimbo ulifika mwisho naye akabaki amesimama, kidole hewani.

Hortense Gadsden alikifunika kijitabu chake.

"Nimekaa mahakamani miaka thelathini na minne," alisema. "Shahidi wa kupangwa angelitaja tarumbeta."

Wendell aliweka mikono mezani. "Kanuni ilikuwa hakuna santuri, hakuna jina. Santuri hiyo hapo. Wanaokubali?"

Mikono mitano. Na wa sita wangu, ingawa mimi si mjumbe.

Verlene alikaa, akairekebisha kofia. "Rudieni," alisema. "Nimekosa kuusikia, nilikuwa nagombana."

Ijumaa, 10 Mei

Majina yamepelekwa. Ishirini na manne.

Jumamosi, 1 Juni

Jua, siku ya nne mfululizo. Wendell anageuza santuri zake zote zenye wimbo mmoja pande mbili na kusikiliza upande wa pili hadi mwisho. Amefika ya mia nne na tatu. Zote ni sawa. Nilimuuliza kama haoni anapoteza muda. Akasema wakati mwingine kuna saksafoni nyuma, haitajwi popote, na kwamba anaijua pumzi ya Alton. Tayari ameipata kwenye santuri tatu. Anaziandikia kadi.

Jumapili, 9 Juni

Verlene amerudi nyuma yangu. Amenikosoa sauti katika utenzi wa pili.

Jumamosi, 22 Juni

Joto, mbingu tupu. Tulikuwa kama mia mbili, wengi na fimbo, wengine kwenye viti vya magurudumu, kutoka Cleveland na Detroit na hata Alabama. Tulisimama kwenye kijisehemu cha nyasi kati ya njia mbili na njia mbili za barabara. Ndicho kilichobaki. Watu walioneshana angani mahali palipokuwa na milango yao.

Kitambaa kilipoondolewa hakuna aliyepiga makofi kwanza. Kila mtu alitafuta jina lake au la mtu wake. Verlene alilipata lake, safu ya pili, akaweka kiganja juu yake, akakiondoa haraka, kwa sababu shaba ilikuwa imeshika jua. Akakiweka tena.

Wakamtaka ahutubie. Akasema hakuja kusema. Wendell akaiweka santuri kwenye meza ya kukunja, chini ya mwavuli ili isipinde, spika mbili kubwa za kanisa zikielekea barabarani.

Mara ya kwanza tulisikiliza. Mara ya pili wale wa mbele waliimba kiitikio. Mara ya tatu tulikuwa tumekijua sote, na nyasi hazikututosha. Aliyeshuka barabarani kwanza ni Hortense Gadsden, mkoba mkononi, akicheza kwa mabega tu. Halafu mchungaji. Halafu mimi, na magoti yangu. Tulijaa njia zote nne za barabara iliyotufukuza, na magari yakasimama, kumi, ishirini, hadi kwenye taa. Hakuna aliyepiga honi. Kijana mmoja aliyekuwa mbele kabisa alizima injini, akatoa kichwa dirishani, akauliza nani huyo anaimba.

Tukamwambia, watu mia mbili kwa sauti moja.